Tangu nipunguzwe tumbo, Ijumaa yetu ya samaki imekufa. Ni mimi peke yangu?

#1 NyarDunga (Kisumu)
Habari za jioni. Nimesoma humu miaka mitatu kimyakimya, leo naomba niongee.

Nina miaka 38, watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa tatu nilifanyiwa oparesheni ya kupunguza tumbo, ile ya slivu, tumbo linakatwa linabaki jembamba kama ndizi. Niliingia na kilo 131, leo niko 84. Sukari imetulia, dawa za presha nimebaki na moja, magoti yamenyamaza. Huko sina lalamiko.

Lalamiko liko mezani. Mimi na mzee wangu tumeoana miaka 12 na siku zote tumekuwa watu wa samaki. Ijumaa lazima ngege mzima, anakaangwa kwanza kisha anapikwa na nyanya, ugali mmoja mkubwa, sahani moja, tunakula kwa mkono. Kichwa changu, mkia wake. Karo, mambo ya mama yake, ya kazini, yote tulikuwa tunayamaliza juu ya huyo samaki.

Sasa mimi tonge moja nalitafuna mpaka liwe uji. Vipande vitatu vya samaki na kijiko cha mboga, basi. Nikiongeza kimoja nakimbia chooni. Yeye amemaliza upande wake, mkono unavuka kuja kwangu kwa mazoea, halafu anakumbuka na kuurudisha. Mazungumzo yanaishia hapo. Juzi akaniambia, "Siku hizi unakula kama mtu aliyekuja kutoa pole." Nilicheka. Usiku nikalia.

Swali langu: ni oparesheni inaleta haya, au kuna kitu kilikuwa kimelala kati yetu na mimi nikakiamsha? Waliopitia, mlikula vipi na watu wenu kabla, na sasa mnakula vipi?

#2 Kuku_wa_Khayega
Pole dada. Swali dogo kabla wenye ujuzi hawajafika: kichwa cha samaki siku hizi kinaenda kwa nani?

#3 Section58 (Nakuru)
Mimi nitasema ukweli mchungu. Oparesheni hii inavunja ndoa. Shemeji yangu hapa Nakuru alikatwa, mwaka haujaisha amehama nyumba. Alikuwa mke mpole. Kilo zikashuka, sauti ikapanda. Mume alioa mtu mmoja akaamka na mwingine.

#4 Nesi_wa_Zamu
@Section58 hiyo ni nusu ya habari. Huko Uswidi walifuatilia wagonjwa wa oparesheni hizi miaka mingi, matokeo yakachapishwa 2018. Waliokuwa kwenye ndoa au uhusiano waliachana zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatwa, ni kweli. Lakini waliokuwa hawana mtu walipata wachumba na kuoana zaidi pia. Na hata upande wa kuachana, walio wengi walibaki na watu wao. Hiyo sehemu watu huiacha nje wakisimulia.

#5 Section58
Si ndiyo nimesema inavunja. Umenithibitishia.

#6 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
@Nesi ongeza jambo: kwa huo utafiti hakukuwa na slivu. Kundi moja wengi wao walifungwa mkanda au wakashonwa tumbo kwa mitindo ya zamani, wachache baipasi. Kundi la pili lote baipasi. Halafu Uswidi mtu akiachana na mwenzake hakuna mahari ya kujadili wala wazee wa kuketi chini ya mwembe. Kuzileta Kisumu namba za huko ni kama kupima uji kwa rula.

Mke wangu alifanyiwa baipasi 2021. Hiyo ni tofauti na slivu: wanatengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, kama yai moja, kisha utumbo unaungwa hapo, chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo. Ndiyo maana sukari huwatesa. Mwezi wa tano baada ya oparesheni tukaenda harusi Mumias. Watu wakaona hali kitu, shangazi akamletea soda na kipande cha keki, "kunywa mwanangu, umeisha." Shangazi hakataliwi. Dakika ishirini hivi, jasho, moyo unapiga kama isukuti, tumbo linamkata, tukambeba mpaka kwa gari. Daktari alitueleza kwamba sukari humwagika kwenye utumbo kwa kasi na mwili unavuta maji kuifuata. Sisi tulikuwa tumeshapata maelezo. Waliobaki harusini walikuwa na yao. Nusu walisema karogwa, nusu wakasema ni mimba.

Mleta uzi, kwangu mimi kilichobadilika ni kazi. Zamani yeye ndiye anapika, anapakua, anahesabu nani hajashiba. Baada ya oparesheni harufu ya mafuta ya kukaanga ilimchefua kwa miezi. Nikaingia jikoni mimi. Mama yangu alikuja akanikuta nakoroga mrenda, akaketi kwenye kigoda bila kusema neno. Alikaa hapo mpaka ukaiva. Na mke wangu naye, badala ya kufurahi, akaanza kununa. Nilichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kiti chake.

#7 Kuku_wa_Khayega
Mwalimu, uliweka munyu wa kienyeji au magadi ya dukani? Jibu ndilo litaamua kama wanaume wa kaunti hii watakusamehe.

#8 Mwalimu_Lurambi
Munyu. Mimi si mshenzi.

#9 JaKondele (Kisumu)
@Mwalimu habari ya kurogwa ndiyo imenitoa mafichoni.

Mimi ni mwanaume. Niliingia kwa slivu na kilo 158, mwaka ulipoisha nilikuwa 97. Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Kosa langu lilikuwa hapo.

Tukaenda mazishi ya mjomba huko Seme. Kwa wasiojua: kwetu mtu akikonda bila sababu inayoonekana, neno la kwanza ni chira. Yaani umevunja mwiko, labda ulijenga kabla ya kaka yako mkubwa, na sasa unaisha polepole. Neno la pili ni ule ugonjwa. Sisi tumekulia kando ya ziwa, ng'ambo ya Uganda, ambako miaka ya themanini ukimwi uliitwa "Slim". Kukonda kwetu hakujawahi kuwa habari njema, hata ulipie pesa.

Nikapakuliwa sahani ya mazishi, mnaijua, wali chini, ugali pembeni, nyama juu. Nikala vijiko vinne nikaisukuma. Wamama wakanyamaza. Jioni mamangu akaniita nyuma ya nyumba, akauliza, "Dawa unameza?" Nikasema dawa gani. Akasema, "Usinifiche, mimi nimezika wengi." Nikainua shati nikamwonyesha makovu matano madogo. Akayagusa moja moja kwa kidole. "Walitoa nini?" Tumbo, mama. Akafikiria. "Na wewe ndiye ulilipa?"

Hatujagombana. Lakini tangu siku hiyo hanipikii. Huyu ni mama ambaye nikifika stendi tu, kuku ameshikwa. Sasa nikija ananiambia kuna chai jikoni. Kwa hivyo dada, usidhani ni mume wako peke yake.

#10 Kibuye_Mitumba
Mimi sijakatwa, nauza nguo Kibuye, lakini hawa wateja nawajua. Mama anakuja anatafuta rinda namba 22. Miezi inapita, anataka 16. Halafu 12. Siku ya 22 mume ameketi kwenye stuli yangu anasoma gazeti, hana habari. Siku ya 12 mume amesimama, hata stuli haitaki, macho yanaangalia nani anaangalia. Msimzungushe mleta uzi. Ni wivu. Samaki amesingiziwa.

#11 NyarDunga
Asanteni, nasoma yote.

@Kibuye ningeshukuru kama ni wivu. Mzee wangu hata hakuona nimenyoa nywele. (Zilianza kunyonyoka mwezi wa nne nikaamua kumaliza kazi. Nesi, usianze.)

@JaKondele, hiyo ya "kuna chai jikoni" imenikaa kifuani.

#12 Nesi_wa_Zamu
Naanza. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida mwili ukipungua kwa kasi, na kwa wengi hurudi. Lakini upime madini ya chuma, na uangalie protini. Wengi huambiwa gramu 60 hadi 80 kwa siku. Na vitamini ni za maisha, usiache chupa ikiisha. Hasa B12.

#13 Mtarajiwa_Lanet (Nakuru)
Samahani kuingilia. Mimi naingia mwezi ujao, slivu. Nimeambiwa wiki mbili kabla nile chakula chepesi sana, wanga kidogo, mafuta kidogo, nipunguze ini. Ini tena? Si tumbo ndilo linakatwa?

Na nikiri jambo. Tangu nipewe tarehe nimekuwa nikiaga chakula. Jumamosi nilienda Gilgil kumuaga mbuzi. Jumapili Bahati kwa mama, kumuaga mukimo. Jana chipsi kuku mjini, nikajiambia hii ni ya mwisho, leo nimerudi kwa sababu ya jana sikuiaga vizuri. Nimeongeza kilo tatu. Hii ni kawaida au mimi ni mgonjwa?

#14 Nesi_wa_Zamu
Ni kawaida sana na haikusaidii. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, na upande wake wa kushoto unalala juu ya tumbo. Daktari anapita na vifaa vyembamba kwenye matundu madogo, lazima aliinue ini ndipo aone anachokata. Wiki mbili za nidhamu hulifanya lipungue na kulegea. Ukifika ini limevimba wanaweza kukufunga wakakurudisha nyumbani. Acha kuaga.

#15 Section58
Lanet, niachie namba ya huyo wa Gilgil, mbuzi asijisikie ametelekezwa.

#16 Duka_la_Dawa_Kanduyi (Bungoma)
Naona mnaongea wivu, kazi, chira, na jibu liko kwenye kipande kilichotupwa. Slivu huondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, na sehemu ya juu inayoondoka ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Kwa hivyo NyarDunga hajapunguziwa nafasi peke yake, amepunguziwa hamu. Zamani Ijumaa saa nane alikuwa anampigia mume simu, samaki yuko wapi? Niambie kama nakosea. Sasa hapigi. Mume anaona mtu ambaye hamsubiri tena. Anaweza asijue kwamba anachokosa ni hiyo simu.

#17 NyarDunga
Hukosei kuhusu simu. Nimeacha kupiga na sikuwa nimegundua.

#18 Mwalimu_Lurambi
@Kanduyi nadharia tamu, lakini mke wangu hakutolewa kitu. Baipasi tumbo lote linabaki ndani, limewekwa pembeni tu. Na yeye pia hamu iliisha. Kwa hivyo kipande kilichotupwa si jibu lote.

#19 JaKondele
Na mimi njaa yangu ilirudi mwaka wa pili, kama mwenye deni. Hivi ninavyoandika nimetoka kula chapati moja na nusu. Mama bado ananipa chai. Kama ni homoni, homoni imerudi, mbona mama hajarudi?

#20 Njoro_Baridi
Nitasema langu mara moja, kisha nitanyamaza.

Baipasi, 2019. Kabla ya hapo nilikuwa mlaji, sikuwa mlevi. Bia mbili kwa wiki za kusukumia nyama. Mke wangu alikuwa akiniona nimenuna anajua dawa: anakanda unga, chapati sita, nakula tukiwa tumeketi jikoni, hasira inaisha. Hatukujua kuzungumza kwa njia nyingine.

Baada ya baipasi pombe hupanda mbio, bia moja sasa ni kama tatu za zamani. Mwaka wa kwanza nilikuwa naogopa. Mwaka wa pili nikazoea. Kazini kukiwa kubaya, chapati hazipiti, nikagundua chupa inapita. Asubuhi kichwa kinauma namezea Brufen, ambazo mtu wa baipasi hatakiwi kumeza, mpaka nikapata kidonda pale palipoungwa utumbo nikatapika damu. Kuonywa nilionywa. Ilikuwa kwenye karatasi, siku ile unapewa karatasi nyingi na unachowaza ni mizani tu.

Mke aliondoka 2022. Section58 atasema ni oparesheni. Mke mwenyewe atasema ni chupa. Mamake atasema nilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nilikuwepo na bado sina uhakika. Miezi 19 sasa sijaonja. Nyumbani nina sufuria mbili na sahani moja.

#21 Section58
Njoro, pole sana ndugu yangu. Sitasema.

#22 MamaMmoja_Webuye
Pole Njoro, Mungu akushike.

Naomba nigeuze upande kidogo. Kwangu uhusiano ulibadilika vingine kabisa. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Hedhi ilikuwa inakuja ikijisikia. Wakwe walikuwa wameshaanza kumtafutia mume wangu msichana, wakidhani sijui. Nikafanya slivu kwa ajili ya sukari, wala si kwa ajili ya mtoto. Mwezi wa saba nikaanza kutapika, nikadhani nimekula haraka. Kumbe!

Daktari hakufurahi. Alikuwa ameniambia nisubiri mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Nilipimwa damu mpaka mishipa ikaanza kunikimbia. Kijana ana miaka miwili sasa, anakula kuliko mimi. Mama mkwe aliyekuwa ananiita "ule mlima" sasa ananiita mama fulani. Sijui nicheke au nikumbuke.

#23 Nesi_wa_Zamu
Hongera mama, na wengine msiige. Uzito ukishuka yai huanza kupevuka tena kwa waliokuwa wamekata tamaa, na miezi hiyo ya kwanza ndiyo mwili unapungukiwa zaidi. Tena waliofanya baipasi wasitegemee vidonge vya kupanga uzazi, huenda visinyonywe vizuri. Kuna sindano, kuna ya kuwekwa mkononi, kuna koili.

#24 Kuku_wa_Khayega
Ukikaa na Nesi dakika tano unatoka umepewa miadi.

#25 Kaptembwo_Kwetu
Na hizi sindano za kupunguza mwili za kila wiki? Si mnge…

#26 Msimamizi
Sindano zina uzi wake. Hapa tubaki kwa oparesheni na meza.

#27 Omena_Kavu (Homa Bay)
Meza basi. NyarDunga, tatizo lako ni ngege. Nyama yake ukiikausha kwa mafuta inakuwa kamba, inakwama. Chukua omena, osha kwa maji moto mara mbili, kausha kidogo kwa sufuria, weka nyanya, kitunguu, mwishoni maziwa kidogo, acha ichemke mpaka ilegee. Inapita. Protini tele na mifupa unaila, kalsiamu humohumo.

#28 MamaMmoja_Webuye
Na mrenda. Mrenda hupita bila kubisha hodi.

#29 Mwalimu_Lurambi
Nakubali, ila mrenda peke yake hauna protini ya kutosha. Sisi tulifundishwa: samaki kwanza, mboga pili, ugali mwisho kama kuna nafasi. Na maji usinywe na chakula, subiri nusu saa.

#30 Omena_Kavu
Ugali mwisho? Kama kuna NAFASI? Mwalimu, kwetu ukisema hivyo mezani wanaita wazee.

#31 Duka_la_Dawa_Kanduyi
Hapo ndipo penye ndoa. Watu wawili wanakula ugali mmoja, mmoja ameambiwa ugali ni wa mwisho. Mwenzake anamega nini?

#32 Nyuma_ya_Sahani (Nyamira)
Nimesoma yote. Waume tuliosema hapa tuko wachache, na mwalimu ni mtakatifu kwa hivyo simhesabu.

Mke wangu alifanya slivu, huu ni mwaka wa tatu. Kwetu chakula hakitupwi. Anakula robo, anasukuma sahani, mimi namalizia. Matoke yake nayamaliza, uji wake naumaliza. Alipoteza kilo 43. Mimi niliongeza 14. Tulienda mahafali ya kijana wetu, picha zilipotoka nikatafuta nani huyu mnene aliyesimama na mke wangu.

Hakuna aliyenipima kabla ya oparesheni. Kliniki niliambiwa nikae nje nimshikie mkoba. Mwalimu wa lishe alimfundisha yeye, yeye akaja kunifundisha mimi kwa maneno mawili: "Usininunulie mandazi." Miaka kumi na tano zawadi yangu ya jioni ilikuwa mandazi kwa karatasi ya gazeti. Nilifika mlangoni mikono mitupu nikawa sijui niingie vipi. Nacheka nikiandika lakini ni kweli, nilikaa kwa gari dakika tatu.

Nilikuwa na hasira, na ungeniuliza hasira ya nini ningekuambia bei ya mafuta ya kupikia.

Na wewe mama wa Kibuye, inawezekana siku ile ni mimi. Nilisimama kwa sababu stuli yako ilikuwa inalia.

#33 Kibuye_Mitumba
😂😂 Woi! Baba, njoo, nimenunua benchi. Lakini bado nasema ni wivu, hata wa chakula ni wivu.

#34 Section58
Na yule shemeji yangu wa #3, juzi nimeongea naye baada ya kusoma hapa. Anasema bwana yake alikuwa akimpiga tangu mwaka wa pili wa ndoa. Kilo hazikuhusika. Alisema alipopungua aliweza kutembea hadi stendi bila kupumzika, ndiyo akaenda. Sikujua. Nimeliweka hapa kwa sababu mimi ndiye nililianza.

#35 Nesi_wa_Zamu
Asante kwa kurudi kusema, Section58.

#36 NyarDunga
Jana ilikuwa Ijumaa. Nimekuja na habari, ingawa sijui ni habari gani.

Nilimpa mzee simu asome #32. Alisoma amesimama. Kwa stuli akacheka mpaka akaketi. Kisha akanirudishia simu akasema, "Siku ile ya oparesheni nilikaa kwa korido masaa manne sijala kitu. Nilidhani ukipona tutarudi." Nikamuuliza turudi wapi. Hakujibu, akachukua funguo akaenda zake.

Alirudi na samaki wawili wadogo badala ya mmoja mkubwa. Sahani mbili. Mimi na wangu, yeye na wake, kama watu wa hoteli. Nikasema moyoni, basi, imeisha. Tukala. Omena_Kavu, niliweka nyanya kama ulivyosema, samaki akapita. Mimi na kutafuna kwangu, yeye akamaliza, lakini hakuondoka. Redio ikasoma habari, ikasoma tena. Hatukuongea karo wala mama yake. Nilipofika kwa kichwa nikachoka, nikakisukuma kidogo. Akakivuta, akakifungua kwa vidole, akaitoa nyama ya shavu, akaiweka ukingoni mwa sahani yangu.

Niliila. Ilikuwa imezidi, nikakaa na maumivu mpaka saa sita usiku. Sikumwambia.

#37 Nesi_wa_Zamu
Ungemwambia.

#38 Duka_la_Dawa_Kanduyi
Ulimpigia simu ya saa nane?

#39 NyarDunga
Hapana. Nilisahau. Sijui kama mtu husahau kitu ambacho hakimo tena mwilini.

#40 JaKondele
Mimi kesho naenda Seme. Nimenunua kuku mwenyewe, nimembeba akiwa hai. Nitamkabidhi mama, tuone.

#41 Kuku_wa_Khayega
Kama mwakilishi wa kuku napinga. NyarDunga, macho ya samaki alikula nani?

#42 NyarDunga
Yeye. Yote mawili. 😂

#43 Mtarajiwa_Lanet
Wadau, nimemaliza wiki mbili, nimepimwa, nimeambiwa niko sawa, naingia Jumatano. Lakini leo nimepita Bahati nikamkuta mama anafunga mukimo kwa mifuko midogo anaweka kwenye friji. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Wa siku utakayotoka, usije ukakaa njaa." Mifuko kumi na moja. Wiki mbili za kwanza ni maji maji tupu. Nitamwambiaje?